Baiskeli Kuukuu ya Chuma: Nilichokosea na Nilichojifunza Nikiifufua Tabora

Ekseli ya gurudumu la nyuma ilikatika mwezi Julai 2021, majira ya saa nne asubuhi, nikiwa nimebakiza kama kilomita 12 kufika Tabora mjini nikitokea kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui ambako hununua asali kwa wajomba zangu. Nyuma nilikuwa na ndoo mbili za lita 20 zilizojaa. Asali ni nzito kuliko maji, na lita 20 zake hukaribia kilo 28, kwa hiyo keria ilikuwa imebeba kilo 56 hivi kabla ya kuhesabu furushi la nta. Sikusikia kishindo. Nilihisi tu gurudumu limelegea na kulalia upande mmoja, tairi likaanza kusugua fremu, na nilipotahamaki nilikuwa nimesimama katikati ya mchanga nimeikumbatia keria ili ndoo zisianguke. Moja ilianguka. Kifuniko kiliachia, na asali ambayo mjomba wangu alikuwa ameirina usiku kucha ikanywewa na mchanga mbele ya macho yangu, huku nyuki wakianza kufika mmoja mmoja. Nilisukuma baiskeli kwa miguu hadi mjini nikiwa nimeinyanyua nyuma, na njia nzima niliwaza jinsi ya kuiuza.

Sikuiuza. Iliyofuata ni miezi saba ya kuibadilisha kipande kwa kipande, na katika miezi hiyo nilipoteza fedha ambazo nisingezipoteza kama mtu angenieleza mapema mambo ambayo nitayaeleza hapa. Wapo wengi Tabora, na naamini hata Kigoma na Shinyanga, wenye baiskeli kama hii ya mtumba wa Japani: fremu ya chuma, haina shokapu mbele wala nyuma, ina meno (yaani sahani za meno zinazoshika mnyororo) matatu mbele na saba nyuma, rangi imechubuka, na kila mtu anawaambia wainunulie kipuri fulani ili iwe ya kisasa. Yangu niliinunua mwaka 2017 kwa shilingi 120,000. Umri wake sikuujua hadi mzee mmoja fundi wa Ng'ambo, anayefanyia kazi chini ya mwembe, aliponionyesha swichi za gia zilizokaa juu ya usukani na nati kubwa zinazoshika beringi za usukani kwa nyuzi kama za skrubu, akasema kuwa baiskeli za namna hii zilitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla ya kumwona mzee huyo. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba ekseli ilikatika kwa sababu ya mitikisiko, na kwamba dawa ya mitikisiko ni shokapu. Nikaagiza foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya shokapu kutoka Dar es Salaam kwa shilingi 85,000, nikalipa na 10,000 ya basi, ikafika ikiwa imefungwa kwenye boksi kama mgeni wa heshima. Niliibeba hadi Ng'ambo nikiwa na furaha isiyo kifani. Nilipomwamkia, mzee aliitikia, akaipokea foku, akaishika sambamba na ya zamani bila kusema neno, kisha akatoa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, kwenye mkebe wake wa grisi. Shina la foku mpya lilikuwa na kipenyo cha milimita 28.6. Bomba la mbele la fremu yangu limetengenezwa kwa foku ya inchi moja, yaani milimita 25.4.

"Hii haiingii, mwanangu," alisema. "Na bomba hili halichongwi. Ukilichonga unaliua."

Nilimuuliza kama hakuna namna yoyote. Akaniwekea foku zote mbili chini, vichwa vikiwa sawa, ili nione nilichokuwa sijakiona: ile ya shokapu ilikuwa ndefu kwa karibu sentimita saba. Akanieleza kwamba hata kama ingeingia, sehemu ya mbele ya baiskeli ingeinuka, pembe ya usukani ingelala kwa takribani digrii moja kwa kila sentimita mbili zilizoongezeka, na baiskeli iliyochorwa kwa foku fupi ingeanza kuyumba mbele kila ninapopanda kilima na mzigo nyuma. Fremu za miaka hiyo zilibuniwa kabla shokapu hazijawa jambo la kawaida. Shokapu ndefu ndani yake ni sawa na kumvalisha mtu kiatu kimoja chenye kisigino.

Foku ile nilikaa nayo miezi miwili hadi kijana mmoja mwenye baiskeli ya kisasa zaidi alipoinunua kwa 50,000. Hasara ya shilingi 45,000, ukijumlisha nauli ya basi, si kubwa kwa kila mtu, lakini kwetu ilikuwa kubwa, kwa sababu fedha hiyo ilikuwa imetengwa kwa sare za watoto. Mke wangu hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Baba watoto, ulipima?" Swali hilo liliniuma kuliko ambavyo ugomvi ungeniuma, kwa kuwa jibu lilikuwa hapana.

Ningependa kusema kwamba nilijifunza hapohapo, lakini ukweli ni kwamba kosa la pili lilifuata baada ya siku tisa. Tairi langu la mbele lilikuwa limepasuka ubavu, nami nikaenda kununua jipya nikijua kwa hakika kwamba gurudumu langu ni la inchi 26, kwa kuwa imeandikwa ubavuni. Muuzaji akanipa tairi la inchi 26, jembamba kidogo, kwa shilingi 22,000. Nilipolivalisha nyumbani lilining'inia kwenye rimu kama bangili ya mama kwenye mkono wa mtoto. Nilidhani ni bovu. Kumbe inchi 26 ziko za aina zaidi ya moja, na namba hiyo haipimi rimu hata kidogo. Hupima kwa makadirio kipenyo cha nje cha tairi likiwa limejazwa upepo. Tairi nene juu ya rimu ndogo na tairi jembamba juu ya rimu kubwa huweza kufikia nje ileile ya inchi 26. Rimu za baiskeli za milimani za zamani zina kipenyo cha milimita 559, kipimo kilichorithiwa kutoka baiskeli za Marekani zilizokuwa na matairi mapana. Lile nililonunua, lililoandikwa 26 x 1 3/8, ni la rimu ya milimita 590, kipimo cha asili ya Uingereza ambacho kimejaa kwenye baiskeli za mjini zinazokuja kutoka Japani. Tofauti ni milimita 31. Ndiyo maana nasema usisome namba ya inchi. Tafuta ubavuni namba yenye tarakimu tatu baada ya kistari, mfano 54-559, na hiyo namba ya mwisho ndiyo ilingane na ya rimu yako. Rimu mpya za "27.5" ni milimita 584 na za "29" ni 622. Wapo watakaokuambia kwamba ya 584 inaingia kwenye fremu ya zamani. Huenda gurudumu likaingia, lakini mpira wa breki utagonga milimita 12 na nusu chini ya mahali unapopaswa kugonga, na hapo huna breki.

Baada ya tairi hilo nilirudi kwa mzee, nikamwomba anipimie kila kitu kabla sijatoa hata shilingi moja zaidi. Alichukua kipande cha boksi la biskuti na kalamu, akapima kwa nusu saa, nami nikaandika. Nafasi ya ekseli ya nyuma, kati ya sikio moja la fremu (pale ekseli inapochomekwa) na jingine, milimita 130. Foku ya inchi moja. Shingo ya usukani, milimita 22.2. Nguzo ya kiti, 26.8. Bomba la kati linalobeba ekseli ya pedali, upana wa 68. Rimu, 559. Kipande hicho cha boksi bado ninacho, kimelowa grisi hadi kinapitisha mwanga, na hadi leo sinunui kitu bila kukitazama.

Kipimo kimoja kati ya hivyo kilinifundisha jambo ambalo sikutegemea. Bomba la kiti kwa nje lina milimita 28.6, na nguzo inayoingia ndani yake ni 26.8. Toa moja katika nyingine, gawa kwa mbili, unapata ukuta wa bomba wa takribani milimita 0.9. Ukiona nguzo ya kiti ya milimita 25.4 kwenye bomba la unene huohuo wa nje, ujue ukuta ni wa milimita 1.6, chuma cha kawaida, kizito. Ukuta mwembamba kama wangu humaanisha chuma cha mchanganyiko bora zaidi, chepesi na chenye kurudi kikipindwa kidogo. Nilifurahi kuambiwa hivyo. Sikujua kwamba wembamba huohuo ungenigharimu baadaye.

Sasa nirudi kwenye ekseli, maana ndiyo iliyoanzisha safari yote. Mzee aliichomoa ile iliyokatika, akaniwekea vipande viwili kiganjani. Ilikuwa imekatika upande wa mnyororo, ndani kidogo ya sikio la fremu, na sehemu ya mkato ilikuwa na rangi mbili: nusu nyeusi yenye kutu, nusu yenye kung'aa kama sindano mpya. Sehemu nyeusi, alisema, ni ufa wa siku nyingi. Iliyong'aa ndiyo iliyokatika siku ile. Kwa hiyo ekseli ilikuwa ikifa kwa miezi mingi huku mimi nikiendelea kupakia ndoo.

Sababu yake inafaa ieleweke vizuri na kila anayebeba mzigo. Gurudumu langu la zamani lilikuwa na friwili, yaani meno saba yaliyofungwa kwa nyuzi pembeni mwa habu (kitovu cha gurudumu). Kwa mpangilio huo, beringi ya upande wa kulia hubaki ndani, nyuma ya meno yote, na ekseli hutoka hapo ikining'inia bila kushikwa hadi kwenye sikio la fremu. Kadiri meno yanavyoongezeka, ndivyo sehemu inayoning'inia inavyorefuka, na kila shimo barabarani huipinda kidogo. Baiskeli yenye jino moja nyuma haina taabu hii, ndiyo maana Phoenix hubeba magunia miaka ishirini bila kulalamika. Habu ya aina ya pili, ambayo kampuni ya Shimano ilianza kuieneza mwishoni mwa miaka ya 1970, ina mtambo wa kukwamisha ndani ya habu yenyewe, na meno huchomekwa juu yake kama kaseti. Beringi ya kulia husogea nje hadi karibu na sikio, na ekseli hupata mahali pa kuegemea. Habu ya namna hiyo ndiyo niliyohitaji. Shokapu haikuwa na uhusiano wowote na tatizo langu.

Shida ni kwamba habu za kaseti zinazopatikana kwa urahisi ni za milimita 135, na fremu yangu ni 130. Hapa ndipo chuma kilipojithibitisha. Mzee aliilaza fremu juu ya gunia, akapitisha ncha ya ubao mrefu wa mninga ndani ya mkono mmoja wa nyuma wa fremu karibu na sikio, akauegemeza ubao kwenye bomba la kiti, akavuta taratibu. Akaachia, akapima: 130. Akavuta tena zaidi kidogo: 130 na nusu. Chuma hurudi, kwa hiyo hupati milimita mbili na nusu kwa kuvuta milimita mbili na nusu. Unavuta zaidi, unaachia, unapima, na kila mara unaongeza kidogo tu, kwa kuwa ukizidisha huna tena pa kuanzia. Alifanya hivyo upande wa kwanza, kisha wa pili. Halafu akachukua uzi wa kushonea mikeka, akaufunga kwenye sikio la kushoto, akauzungusha mbele kwenye bomba la usukani, akaurudisha hadi sikio la kulia na kuukaza. Akapima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kwa kila upande. Kushoto ilizidi kwa milimita moja na nusu, maana yake mikono haikuwa imepanuka sawasawa na gurudumu lingekaa upande. Akavuta tena upande mmoja hadi nafasi zikalingana. Mwisho akanyoosha masikio yenyewe yatazamane, kwa sababu masikio yasiyotazamana huipinda ekseli mpya kila gurudumu linapozunguka, na ningerudi nilikotoka.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima na alinitoza shilingi 10,000. Nasisitiza kwamba hufanyika kwa fremu ya chuma peke yake. Fremu ya aluminiamu usiipanue; itapata ufa.

Gurudumu jipya lilisukwa na mzee mwenyewe kwa rimu ya aluminiamu ya matundu 36. Nilikuwa nimeshawishika kuchukua ya matundu 32 kwa kuwa ilikuwa nafuu kwa shilingi 8,000, akanikatalia, na leo namshukuru. Alinitaka pia niirudishe baada ya kilomita mia moja, maana spoki mpya hujikalisha na kulegea kidogo zinapoanza kubeba mzigo. Niliirudisha, akazikaza nusu mzunguko huku na huku, na tangu hapo hazijaguswa.

Nguzo ya kiti ilikuwa vita ya peke yake. Ilikuwa ya aluminiamu ndani ya bomba la chuma, na metali hizo mbili zikikaa pamoja na unyevu kwa miaka mingi bila grisi hushikana kama zimechomelewa. Nilihitaji kuishusha kwa sentimita mbili tu. Nilimimina mafuta juu, nikagonga, nikazungusha kiti hadi kikavunjika shingo. Jirani mmoja akashauri tuichome kwa moto wa gesi. Kwa bahati mzee alikuwepo, akazuia: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma kikipata joto lilelile, kwa hiyo ukizichoma zote pamoja, nguzo hubana zaidi badala ya kulegea. Unachotaka ni baridi ndani.

Ili mafuta yafike chini ya nguzo ilibidi kwanza tutoe ekseli ya pedali, na hapo nilifanya upuuzi ambao naukumbuka kwa uchungu. Nilikuwa nyumbani jioni, nikaona nisimsubiri mzee. Nilichomeka spana kwenye kikombe kinachoshika beringi upande wa mnyororo, nikaiongezea bomba la maji ili nipate nguvu, nikavuta kuelekea kushoto kama ninavyofungua nati yoyote. Haikutoka. Nikamwita mdogo wangu, tukavuta wawili. Spana iliteleza na kung'ata kingo za kikombe. Kesho yake mzee aliangalia zile kingo zilizolika, akavuta pumzi. "Upande wa mnyororo unaufungua kama unaufunga," alisema. Nyuzi za upande wa kulia kwenye mabomba ya namna hii huenda kinyume, ili kupiga pedali kusiufungue. Tulikuwa tumeikaza kwa nguvu za watu wawili na bomba. Alilazimika kukibana kikombe kwenye jiliwa na kuizungusha fremu yote kama usukani wa lori hadi kikaachia.

Baada ya hapo fremu iligeuzwa juu chini, mafuta yakamiminwa kupitia bomba la kati yakashuka hadi kwenye nguzo, tukaiacha siku tatu. Siku ya tatu nilinunua barafu, tukaivunja na kuijaza ndani ya nguzo, tukakibana kichwa chake kwenye jiliwa, na mzee akaizungusha fremu polepole, mbele na nyuma, robo ya kidole kwa kila mara. Ulisikika mlio mkali kama wa mlango wa zamani. Nguzo ikatoka ikiwa imefunikwa na unga mweupe. Ya mpya ya 26.8 niliipaka grisi tele, na kila baada ya miezi mitatu naichomoa na kuirudisha, hata kama sina sababu. Maji ya mvua yaliyokuwa yamelala chini ya fremu yalitoka na kutu nyekundu kiasi cha kujaza kijiko. Tukasafisha, tukapaka mafuta ndani, na mzee akazibua tundu dogo la chini lililokuwa limezibwa na matope.

Kosa la tatu lenye gharama lilitokana na keria. Ile ya zamani ilikuwa imefungwa kwa bolti mbili nyembamba, nami nikataka ya kubeba kilo 60 bila kuyumba, hivyo nikaipeleka fremu kwenye karakana moja ya mageti na madirisha ili wanichomelee vishikio. Fundi wa pale ni hodari katika kazi yake, lakini kazi yake ni ya vyuma vinene, na mimi sikumwambia unene wa mabomba yangu ingawa nilikuwa nimeshaupima. Mikono ya juu ya nyuma ni myembamba hata kuliko bomba la kiti. Mguso wa pili wa umeme ulitoboa tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Nilisimama pale nikitazama mwanga ukipita upande wa pili, tumbo likanisokota. Tundu lilizibwa baadaye kwa shaba na moto wa gesi na mtu anayeijua kazi hiyo, kwa shilingi 15,000, nami nililichunguza kwa mwaka mzima nikitafuta ufa. Keria hatimaye ilifungwa kwa vibano vinavyozunguka bomba, vikiwa vimetandikwa mpira wa tyubu ndani, na miguu yake ikishuka hadi kwenye bolti ya ekseli ili uzito uende chini. Haijawahi kusogea.

Kuhusu breki nitasema kwa kifupi. Nilinunua breki za mikono mirefu, zile zilizotoka mwaka 1996 kwa jina la V, nikaziunganisha na mikono ya zamani ya usukani. Zikawa za hatari: ama mkono ulifika hadi kwenye usukani kabla ya kushika, ama mipira ilisogezwa karibu mno na rimu ikasugua muda wote, na zilipokamata zilikamata ghafla. Breki hizo huhitaji mkono unaovuta waya karibu mara mbili ya ule wa zamani. Nunua vyote viwili pamoja, au baki na breki zako za awali na ubadilishe mipira tu. Kilichoniongezea usalama zaidi ya breki zenyewe ni ile rimu ya aluminiamu, kwa kuwa rimu ya chuma iliyopakwa kromu, ikilowa, mpira huteleza juu yake kana kwamba imepakwa mlenda.

Kwenye gia nilifanya mabadiliko machache na nimeridhika nayo kuliko yote. Zile swichi za zamani zilizo juu ya usukani, ambazo wengi hunishauri nizitupe, zina hali mbili: ya kukatakata hatua kwa hatua na ya msuguano, ambayo unasogeza mwenyewe hadi mnyororo ukae. Kwa hali ya msuguano hazijali nyuma kuna meno mangapi. Kwa hiyo niliweza kuweka kaseti ya meno nane, yenye ncha kati ya 11 na 32, bila kununua swichi mpya, na mnyororo wa gia saba na nane ni uleule. Mbele niliondoa jino kubwa la 48, ambalo njia za mchanga hazikuwahi kunipa nafasi ya kulitumia, nikabakiza la 38 na la 28. Kwa 28 mbele na 32 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unanisogeza kama mita 1.8 tu, na mwendo huo wa kobe ndio unaonitoa kwenye mchanga na ndoo mbili nyuma bila kushuka.

Mnyororo upime kwa rula ya inchi. Jozi 12 kamili, yaani kiungo cha nje na cha ndani kwa pamoja mara 12, zinapaswa kuwa inchi 12 barabara. Zikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo. Ukisubiri hadi moja ya nane, utabadilisha na kaseti, maana meno yatakuwa yameshalika kuufuata.

Matairi niliyoyachagua ni ya 54-559, yenye meno ya wastani. Ndiyo shokapu yangu. Mbele naweka upepo wa pauni 30, nyuma nikiwa na mzigo pauni 50, na nikiingia kwenye mchanga mrefu naupunguza kidogo kwa mbele ili tairi litandike badala ya kuchimba. Kwa ajili ya miba ya migunga nimetandika ndani ya kila tairi utepe wa tyubu kuukuu, lakini kingo zake nimezisugua kwa msasa, kwa sababu kingo kali hutoboa tyubu kama mwiba wenyewe. Kabla ya kununua tairi pana, hakikisha kidole chako kinapita kati yake na fremu pande zote. Mvua ikinyesha na udongo mweusi wa mbugani ukishika, nafasi hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utaendesha au utabeba.

Mke wangu aliniomba hesabu, nami niliiandika yote. Gurudumu la nyuma 165,000, kaseti 45,000, mnyororo 18,000, ekseli ya pedali 28,000, nguzo ya kiti 15,000, breki na mikono yake 42,000, matairi mawili na tyubu 84,000, keria na vibano 40,000, na ufundi wa miezi yote 45,000. Jumla ni shilingi 482,000. Pembeni yake niliandika hasara: foku 45,000, tairi lisiloingia 22,000, kuziba tundu 15,000, jumla 82,000, bila kuhesabu ndoo ya asali. Aliisoma mara mbili. Ni fedha nyingi kwa baiskeli ya 120,000, na sitamficha mtu hilo. Kama fremu yako ina kutu iliyotoboa, au imepinda mbele kwa kugonga, usianze kabisa.

Yangu ilirudi barabarani Februari 2022. Safari ya kwanza nilikwenda mtupu na kurudi na ndoo moja, nikisimama kila kilomita tano kushika habu ya nyuma kwa kiganja kuona kama ina joto. Haikuwa na joto. Safari ya tatu nilibeba mbili, na nilipofika mahali ekseli ilipokatika nilishuka, nikatembea hatua chache nikiisukuma, kisha nikapanda tena. Mjomba alikataa nimlipe ile ndoo iliyomwagika, lakini mwezi Julai nilimpelekea mzinga mpya wa mbao badala yake, nimeufunga juu ya keria ileile.

Kilichobaki cha zamani ni fremu, foku, usukani na swichi zake za gia, meno ya mbele, na gurudumu la mbele ukiondoa tairi na tyubu. Beringi za usukani zimeanza kukwama katikati, ninapoenda moja kwa moja nahisi kama usukani una shimo unalotumbukia, dalili kwamba gololi zimechimba vikombe. Mzee ameshaniambia nimletee kabla ya mvua za Novemba, na kwenye kile kipande cha boksi ameongeza kipimo kimoja chini kabisa: gololi za 5/32 ya inchi.